Chumba Alichopewa Jaha

Mbeya, 20 Mei 1956

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wajukuu zako wazima, na magoti yako yamekuachia kidogo. Sisi huku tumekula Idi salama. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema vitumbua vyake safari hii vilikataa kuumuka kwa baridi, watoto wakavila hivyo hivyo na wakaomba vingine. Biashara ya ngozi inakwenda vizuri. Mwaka huu Wasangu wameleta ngozi nyingi hata nimelazimika kujenga stoo nyingine ubavuni mwa nyumba, upande wa kichochoroni.

Sasa nina habari ambayo nimesitasita kuiandika kwa wiki mbili. Jaha, mtoto wa marehemu kaka yetu Mrisho, yuko kwangu. Alikuja mwezi wa tatu, masika yamepamba moto, na mtoto mchanga mgongoni. Kibanda walichokuwa wamepanga huko bondeni kilianguka kwa mvua. Yule mume wake, Saulo, alikuwa amejitwika kitanda kichwani, maji yanamchuruzika.

Najua ulivyoapa siku ile alipoolewa bomani na Mkristo bila radhi ya mtu yeyote kwetu. Mimi pia nilikasirika. Lakini dada, ningefanyaje? Nimewapa chumba cha uani. Nimekipaka chokaa kwa mkono wangu. Saulo ni kibarua wa barabara, siku ya mvua hakuna kazi na hakuna ujira, kwa hiyo nawatoza nusu tu ya wanachotoa wapangaji wengine.

Mtoto ni wa kike. Wamempa jina la mama yetu, Mwamvita.

Nilitaka ujue kwamba sikumwacha mtoto wa Mrisho barabarani.

Ndugu yako,
Muhidini

*

Iringa, 9 Juni 1956

Mdogo wangu Muhidini,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Naandikiwa jibu na mwalimu Benedicta, jirani yangu, kama kawaida, maana herufi hizi za shule hazinikai mkononi. Anakusalimu.

Huku hatujambo. Wajukuu wote wanne wapo, wanakula kama nzige. Tangu mama yao atangulie mbele ya haki tunalala chumba kimoja, mimi kitandani na wawili, wawili chini kwenye mkeka, maana chumba cha pili nimempangisha fundi cherehani ili tupate unga. Magoti ni yale yale. Mahindi ya Kilolo yameteremka sokoni, yana bei ya kuongea nayo.

Nimefurahi kusikia kuhusu stoo. Baba angefurahi.

Kuhusu huyo uliyemtaja, nilishasema siku ile mbele ya watu, na wewe ulikuwepo. Sina la kuongeza, na mwalimu amechoka.

Mtoto amefanana na nani?

Mwanahawa binti Ahmadi

*

Mbeya, 27 Julai 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Idi ya kuchinja imepita, nimechinja mbuzi mmoja, tumegawa nyama uani kote. Baridi ya mwaka huu sijapata kuiona. Asubuhi majani yanakuwa meupe, na ukimwaga maji uani lazima uangalie usiteleze. Watoto wangu wana mafua lakini wanacheza.

Uliuliza mtoto amefanana na nani. Amefanana na mama. Ana lile paji la uso, na akikasirika anakunja midomo vile vile.

Ila hana nguvu. Anakohoa tangu mwezi uliopita. Jaha naye amekonda. Nadhani ni ubishi wao. Nimewaambia wasiweke jiko la mkaa ndani, wanaweka. Nimewaambia mama anayenyonyesha anywe maziwa, ale mayai, Jaha anasema, "Ndiyo, baba mdogo," halafu ukipita mchana unakuta ugali na mboga za maboga, jioni ugali na mboga za maboga. Watu wengine, dada, hata uwaelekeze vipi.

Bwana afya wa mji alipita mwezi uliopita kukagua nyumba. Mambo yalikwenda vizuri.

Mpangaji wangu mmoja, mzee Jailos, aliyekuwa akichimba dhahabu Chunya zamani, alipelekwa hospitali na amefariki. Alikuwa mtu mpole.

Nina ombi. Jaha angependa kuja Iringa apumzike kidogo, abadilishe hewa. Hakuniomba niandike, mimi mwenyewe nimeona. Je, utampokea? Nijibu upesi.

Muhidini

*

Iringa, 30 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, mwalimu Benedicta alikwenda kwao Kalenga likizo na mimi sikutaka mwandishi mwingine.

Tumshukuru Mungu. Mjukuu mkubwa amepata nafasi ya shule. Fundi cherehani amehama, amekuja mwingine, huyu anavuta sigara lakini analipa. Paa la jikoni limepata nafuu baada ya kuwekewa debe lililopasuliwa. Bibi harusi yule wa msikitini amejifungua mapacha. Kuna upepo na vumbi, macho yananiwasha mchana kutwa.

Kuhusu uliloniuliza, nyumba yangu ni ndogo. Unaijua.

Salamu kwa mkeo.

Mwanahawa

*

Mbeya, 4 Oktoba 1956

Dada,

Shikamoo.

Mtoto Mwamvita amefariki siku ya Jumapili, tarehe thelathini ya mwezi uliopita. Alikuwa na miezi minane. Tumemzika Jumatatu asubuhi. Saulo alisimama makaburini nyuma ya watu, kofia mkononi, hajui sala zetu, na sisi hatukumwambia asogee.

Jaha yuko hospitali ya serikali, wodi ya wagonjwa wa kifua. Wamempiga picha. Ni kifua kikuu, mapafu yote mawili. Anadungwa sindano kila siku na kupewa vidonge. Hakuruhusiwa kutoka kwenda kuzika.

Ameniambia kwamba mwezi wa nane alipanda lori akaja kwako na mtoto. Hukuniandikia hilo.

Muhidini

*

Iringa, 27 Oktoba 1956

Muhidini,

Leo sikumwita mwalimu. Naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni alizotufundisha baba, na wewe utazisoma taratibu kama ninavyoziandika taratibu. Benedicta ni mtu mwema, lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya anayeyaandika.

Ni kweli alikuja. Ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri. Nilikuwa barazani nachagua mchele. Niliona mwanamke mwembamba anapanda njia, nikadhani ni mwombaji. Aliponifikia akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, shangazi." Sauti ndiyo niliyoitambua.

Nilimwambia aketi. Nikamletea uji, akanywa pale pale barazani. Mtoto nilimwona usoni, ni kweli amefanana na mama. Nilitaka kumpokea nimpakate. Mikono ilikuwa imeshainuka. Ndipo Jaha akakohoa. Muhidini, kikohozi kile nakijua. Ndicho kilichomchukua mama wa wajukuu zangu hawa. Mikono nikairudisha.

Akasema, "Shangazi, nipokee hata wiki mbili tu. Kule chumbani hatupati pumzi."

Nikamwambia, "Ulipochagua mume wako uliniuliza?"

Hilo ndilo nililomwambia. Nilimpiga kwa maneno ya ndoa kwa sababu nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini halikuwa neno la kweli. Ya ndoa yalikwisha moyoni tangu uliponiandikia jina la mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza wale wanne wanalala chumba kimoja na mimi, na sina pengine pa kumlaza mtu anayekohoa. Ningemwambia hivyo angeelewa. Mimi nikaona afadhali aniite mkatili kuliko aone kwamba namwogopa. Akainuka, akasema asante kwa uji, akashuka na njia. Bakuli alilonywea nilikwenda kulivunja nyuma ya nyumba.

Tangu barua yako nikiketi barazani nageuzia mgongo ile njia.

Sasa na mimi nakuuliza. Alisema chumbani hawapati pumzi. Wewe uliniandikia umekipaka chokaa. Chumba kile kina nini?

Dada yako

*

Mbeya, 20 Novemba 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Usijitese. Ulikuwa na watoto wanne wa kulinda, yeyote angefanya hivyo.

Jaha anaendelea vizuri kiasi. Nimempelekea blanketi jipya, la sufu, zito, na mke wangu anampelekea mchuzi wa nyama kila Ijumaa. Daktari amesema atakaa sana. Mvua zimeanza. Mambo mengine ni kudra ya Mungu.

Muhidini

*

Iringa, 3 Desemba 1956

Muhidini,

Sikukuuliza habari za blanketi.

Mwanahawa

*

Mbeya, 9 Januari 1957

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne ninayoianza. Zile tatu nimezichoma jikoni. Mke wangu anadhani naandika mambo ya biashara.

Chumba kile hakina dirisha.

Zamani kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha la kichochoroni. Nilipojenga stoo ya ngozi niliiegemeza kwenye ukuta ule ule, na dirisha likazibwa. Halafu nikaona chumba ni kirefu mno kwa mpangaji mmoja, nikajenga ukuta wa matofali mabichi katikati, nikatoboa mlango wa pili. Matofali hayakutosha kufika kwenye bati, nikaacha wazi kiasi cha mkono na nusu. Upande mmoja alikaa mzee Jailos. Upande wa pili nikamweka Jaha na mtoto mchanga.

Jailos alikuwa anakohoa damu. Nilikuwa najua. Alinionyesha mwenyewe kitambaa, akaniomba nisimwambie mtu ili asifukuzwe. Nikaona nimemfanyia wema kunyamaza. Hewa aliyoitoa yeye ilipita juu ya ule ukuta ikamshukia mtoto wa Mrisho, na asubuhi bati lilikuwa linadondosha matone kwa pumzi za watu wanne. Mkaa waliouweka ndani, niliokuandikia kwamba ni ubishi, ulikuwa wa kukausha nepi.

Bwana afya alikuja mara ya kwanza mwezi wa nne. Alipima kwa futi yake, akaandika. Akaniambia, "Bwana Muhidini, ukuta huu uondoke, dirisha lifunguliwe. La sivyo humu asilale mtu. Nitarudi." Nikasema sawa. Kuondoa ukuta ni kupoteza mpangaji mmoja, na kufungua dirisha ni kuvunja stoo mpya. Nikaahirisha.

Alirudi mwezi wa sita. Mtu wa ofisini alinitonya asubuhi ile kwamba yuko njiani. Nilikwenda uani, kuna ukungu na baridi inakata masikio. Jaha alikuwa anamnyonyesha mtoto kizingitini, ndipo palipokuwa na mwanga.

Nikamwambia, "Jaha, mwanangu, nisaidie. Toa vitu vyako, mara moja tu. Kuna mgeni anakuja kukagua."

Akasema, "Nivitoe niviweke wapi, baba mdogo?"

"Nyuma ya choo kule. Na wewe kaa huko na mtoto mpaka nikuite."

Alinitazama. Akasema, "Ndiyo, baba mdogo." Hakuuliza jambo la pili. Akavitoa mwenyewe, kitanda tukasaidiana. Jailos nilimpa nauli ya kwenda kunywa chai mjini. Kisha mimi na mchukuzi wangu tukaingiza ngozi, vyumba vyote viwili, mpaka mlangoni. Bwana afya alipofika nikamwambia, "Hakuna anayelala tena humu. Nimefanya stoo." Akachungulia, akakunja pua kwa harufu, akaandika, akanishika mkono. Akakaa kuongea na mimi dukani, nikamtengenezea chai ya tangawizi. Alikaa sana. Mtoto alikuwa nyuma ya choo kwenye ukungu.

Alipoondoka nilikwenda kumwita Jaha. Alikuwa amemfunga mtoto ndani ya khanga yake, kifuani, na yeye midomo imekuwa ya kijivu. Akasema, "Ameshaondoka?" Tukarudisha kitanda. Ngozi tulizitoa lakini uvundo haukutoka. Wiki ile ile mtoto alianza kukohoa. Nami nikakuandikia kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Kuna jingine. Jaha alipolazwa, mganga wa wodi, kijana wa Kibena mwenye miwani, aliniuliza maswali akijaza fomu. Wanalala wangapi? Chumba kina dirisha? Wanakula nyama mara ngapi kwa wiki? Nikajibu yote. Halafu akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

Nikasema, "Simfahamu."

Akaandika hivyo, dada. Nilimwona akiandika.

Muhidini

*

Iringa, 2 Februari 1957

Muhidini,

Nimeisoma barua yako mara moja, sirudii tena.

Nilikuwa nataka kukutukana. Nimekaa siku tatu nikitafuta tusi. Kila nililolipata lilinirudia, maana mtoto alitoka kwenye chumba chako akaja kwenye baraza yangu, na kutoka kwenye baraza yangu akarudi kwenye chumba chako, kwa sababu hakukuwa na mlango wa tatu. Tulikuwa ndugu wawili tu waliobaki kwa Mrisho.

Benedicta ameniambia mwaka jana peke yake shuleni kwake wamezika watoto watano, na wote wanatoka upande ule wa vibanda, hakuna hata mmoja wa nyumba za mabwana. Anasema, "Mama Mwanahawa, kikohozi hakina macho, lakini kinajua njia ya kwa maskini." Nilikuwa nakufikiria wewe na futi ya bwana afya.

Sitakwambia Mungu atakusamehe, hilo ni lake. Nakuuliza mawili tu. Nani analala katika chumba kile leo? Na hayo uliyoniandikia mimi, Jaha umemwambia?

Mwanahawa

*

Mbeya, 24 Machi 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki ijayo tunafunga, nikaona nisiingie mwezi mtukufu na barua hii mkononi.

Swali lako la kwanza lilinikuta pabaya. Ulipouliza, chumba kile kilikuwa na watu. Upande wa Jailos niliweka mama mmoja, Damari, mfua nguo, na watoto watatu. Niliwaweka mwezi wa kumi na moja, dada. Mtoto Mwamvita hajamaliza miezi miwili kaburini. Alikuja analia kwamba hana pa kulala, nami nikajiambia namsaidia.

Nilikwenda kumwambia ahame kwa sababu nabomoa. Akaniuliza kwa nini. Nikasema chumba hiki ni kibaya kwa afya yenu. Akaacha kufua, akajifuta mikono, akasema, "Mzee, unanifukuza nikalale nje kwa ajili ya afya yangu?" Siku zote nilidhani ubaya wangu ni ule ukuta, kumbe hata kuubomoa kunaweza kuwa ubaya.

Basi nimeubomoa ule ukuta, na stoo nimeivunja, dirisha limefunguliwa. Damari amebaki, anakaa chumba kizima kwa kodi ile ile ya nusu chumba. Mke wangu hajasema neno, ila hesabu za sukari zimekuwa kali. Lakini nisijisifu. Nina vyumba vingine vitatu vya namna ile. Kimoja nimekianza. Viwili bado viko vile vile na watu wanalala ndani, nami nawapita kila asubuhi nikiwasalimu.

Nilikwenda pia kwa bwana afya, nikamwambia kuhusu zile ngozi. Nilitegemea ataniandikia kesi. Alivua kofia akaiweka mezani. Akasema, "Bwana Muhidini, nilisikia harufu ya nepi humo ndani. Nikaamua kuamini ngozi, kwa sababu ningewatoa ningewapeleka wapi?" Tukaitazama ile kofia wote wawili, watu wazima wenye ndevu.

Kisha nikaenda kwa Jaha. Wagonjwa hulazwa barazani pa wodi, wapate hewa. Amenenepa kidogo mashavuni. Nikakaa kwenye benchi, nikaanza habari ya ile asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimefikiria hata nitapiga magoti wapi.

Akanikatiza. "Baba mdogo, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua yule ni bwana afya. Nilimsikia mara ya kwanza alipokuja, nilikuwa ndani. Alisema asilale mtu humu."

"Basi kwa nini ulikubali kutoka, mwanangu? Kwa nini hukumwambia?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mzito wa kuelewa. "Ningemwambia, tungelala wapi usiku ule?"

Sikupiga magoti. Ingekuwa kumwomba anifanyie kazi nyingine tena. Nilikaa mpaka kengele ya wageni ilipopigwa, tukazungumza kuhusu mvua, na Saulo, ambaye sasa analala kambi ya barabara na huja kila Jumapili kwa miguu. Nilipopita getini, nilimkuta yule mganga wa miwani. Nikamwambia, "Kwenye ile fomu, mwenye nyumba ni mimi." Akasema fomu ilishapelekwa zamani.

Daktari anasema ataruhusiwa mwezi wa tano, lakini asirudi chumba cha giza, asibebe mizigo, ale vizuri mwaka mzima. Amesema hayo kama mtu anayeagiza vitu dukani. Sijui aende wapi. Nimempa chumba changu cha mbele chenye madirisha mawili, akasema asante, hapana.

Muhidini

*

Iringa, 11 Aprili 1957

Muhidini,

Yule fundi cherehani anayevuta sigara nimempa notisi, atahama mwisho wa mwezi. Unga tutautafuta kwa njia nyingine. Nimeanza kukaanga maandazi ya kuuza shuleni, Benedicta ameniombea ruhusa.

Mwezi wa tano nitakuja mwenyewe kumchukua. Nitashuka kwenye basi nende moja kwa moja hospitali. Usije kunilaki. Nikikuona pale kituoni nitalia, nami sitaki Jaha anione nimelia kwa ajili yetu.

Mwanahawa

*

Iringa, 16 Juni 1957

Mdogo wangu Muhidini,

Tumefika salama, na leo ni wiki ya tatu. Nilikuona ng'ambo ya barabara pale hospitali, umesimama karibu na duka la Mhindi. Umezeeka. Nimekushukuru kwa kutovuka.

Hatujambo huku. Mjukuu mkubwa amekuwa wa tatu darasani. Maandazi yanauzika, ila mafuta yananiunguza mikono. Saulo alikuja Jumamosi kwa lori. Mkubwa wake wa kazi amekubali kumhamishia barabara ya Iringa. Amelala kwa jirani, asubuhi nikamkuta anapasua kuni zangu bila kuambiwa. Amesema shikamoo mama, nikaitikia.

Jaha ana chumba chake. Anakwenda sindano hospitali ya hapa kila siku, polepole, anapumzika mara mbili njiani. Kikohozi kimebaki kidogo cha alfajiri. Nikikisikia bado moyo unaruka, nahesabu pumzi za watoto mmoja mmoja. Siwezi kukudanganya kwamba siogopi. Siku ya kwanza alipotaka kumbeba mjukuu mdogo nilisogea kabla sijajua nimesogea, na yeye aliona. Akamshusha. Jioni nilikwenda nikakaa kitandani kwake, nikamweleza kuhusu bakuli nililolivunja. Nilidhani atalia. Akasema, "Lilikuwa bakuli zuri, shangazi." Tukacheka, halafu hatukucheka.

Habari za mtoto hazizungumzi. Nguo moja anayo, imekunjwa, iko chini ya mto. Nami siulizi.

Jana nilimwambia naandika barua Mbeya. Nikamwuliza, "Nimwambie nini baba yako mdogo?" Alikuwa jikoni mlangoni, sahani ya ugali na maharage mapajani. Nilidhani atasema nimwambie amekusamehe, watu wengi husema hivyo ili mambo yaishe. Alifikiri sana. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza.

Akasema, "Mwandikie kwamba ninakula."

Dada yako,
Mwanahawa